Mbuzi Nje ya Geti

Jumamosi iliyopita tulimzika mama mkwe wangu huko Isinya. Aliyekuwa akisoma habari za maisha yake alipofika kwa watoto na wake zao, alisema, "Mutiso na mkewe Mueni, wa Kitengela," kisha akaendelea na majina mengine. Watu kadhaa waligeuza shingo kunitazama. Wanajua kwamba mimi na Mutiso hatujalala chini ya paa moja kwa zaidi ya miaka kumi, na kwamba iko karatasi ya korti ya Kajiado inayosema hivyo. Nilisimama pale nilipoitwa, kati ya wake wa ndugu zake, nikatupa udongo wangu kama wao. Mutiso alikuwa ng'ambo ya kaburi, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Hakuna aliyeniuliza ninafanya nini pale, na kama angeniuliza ningemjibu kwamba yule mwanamke tuliyekuwa tunamfukia ndiye aliyeniweka hapo, kwa mikono yake, mwaka ambao kila mtu alikuwa na haraka ya kuniondoa. Tangu siku hiyo sijafikiria kitu kingine.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala tulilala njaa mara ngapi. Hayo kila mtu anayo. Nianzie niliporudi kutoka Doha. Nilikwenda kule kusugua sufuria, na nilipoondoka nilikuwa msimamizi wa kiamsha kinywa katika hoteli ambayo ukisimama chini huoni mwisho wake. Diploma yangu ya upishi na usimamizi wa hoteli niliisomea siku zangu za mapumziko, wakati wenzangu wamelala au wameenda madukani kuangalia dhahabu ambayo hawangeinunua. Imetundikwa sebuleni hadi leo. Na nyumba yenyewe ya Kitengela niliijenga mimi. Nasema mimi kwa sababu ni mimi. Kila jiwe nilililipia kwa simu, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za nyuma za jikoni la watu, nikimuuliza Mutiso kama msingi umepita udongo mweusi ukafika kwenye mwamba, maana Kitengela ukijenga juu ya udongo mweusi, mvua ikija nyumba inapasuka kama mkate. Alikuwa akinipigia picha. Kwa simu, Mutiso alikuwa mume bora kuliko wote niliowahi kusikia wakisimuliwa kwenye chumba chetu cha wanawake kule Doha.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne niliporudi. Nyuma ya nyumba niliongeza jiko la biashara, paa la mabati na meko makubwa ya gesi, na kando yake stoo ya nafaka, nikaanza kupeleka chakula cha mchana kwa wafanyakazi wa mashamba ya maua kule Isinya. Githeri ya mahindi na maharagwe, kamande, wali, kabeji iliyokatwa nyembamba kama nilivyofundishwa. Baada ya muda mfupi hakuna aliyetaka chakula cha mtu mwingine. Kumbe ndani ya nyumba kulikuwa na mtu aliyezoea kuitwa mwenye mjengo. Mafundi walikuwa wakimwamkia kwa heshima, wauza mchanga wakimngoja, na sasa amekuja mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha wapishi, akionyesha kwa kidole mahali ambapo plasta haikunyooka. Ninamwelewa leo kuliko nilivyomwelewa wakati huo, lakini kumwelewa mtu si kumruhusu. Alianza kunywa mchana. Akaninyanyulia mkono mara ya kwanza, akalia, nikanyamaza. Mara ya pili ilikuwa asubuhi, maharagwe yakichemka, tukibishana juu ya jambo ambalo silikumbuki tena, naye akaipiga teke sufuria ile kubwa. Ilinimwagikia mguu wa kushoto kuanzia goti hadi chini. Chakula kilifika Isinya saa yake. Nilipika kingine, mguu umefungwa kwa kitambaa chenye maji, na hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyejua. Nilikipeleka mwenyewe.

Siku hiyo hiyo nilimchukua binti yetu Mumbua, tukahamia stoo. Mutiso akabaki katika nyumba kubwa na funguo zake, nasi tukalala kati ya magunia ya mahindi na maharagwe, harufu ya vumbi la nafaka ikituingia kwenye nywele. Kutoka kitandani nilikuwa naona dirisha la chumba changu, lenye pazia nililolinunua Doha, nikimsikia Mutiso akilifungua asubuhi. Hicho ndicho nilichokitaka mwaka ule, wala si kingine: niingie nyumba yangu na mtoto wangu, nifunge mlango, na yule aliye nje asiwe na ruhusa ya kuusukuma.

Ofisi ya Wakili Nasieku ilikuwa juu ya duka la mabomba na saruji, pale Kitengela mjini, na ukiongea ilibidi ungoje mashine ya kukata vyuma inyamaze. Alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyotarajia, na hakupoteza maneno. Aliniambia wanawake wanaopanda ngazi zake huja wakiwa wameshaamua talaka, au wakitaka amwandikie mume barua ya kumtisha. Akaniuliza mimi ni yupi.

"Simtaki nyumbani," nikamwambia. "Lakini sijamkataa."

Aliweka kalamu chini. Nikamweleza kwamba sijawahi kuacha kazi katikati, hata ile ya sufuria. Kwamba Mutiso akiacha pombe ni mtu, na mimi nilikuwa nimemwona akiwa mtu. Kwamba tumeoana kimila, mbuzi wametolewa na kuliwa, na Mumbua ana nyanya na shangazi upande ule ambao sikutaka awasalimie kama wageni. Niliyasema haya nikijua yanasikika kama ujinga. Yeye akaniambia kwa utulivu kwamba sheria inayo njia ya hivyo. Inaitwa kutengana kisheria: ndoa inabaki ndoa, lakini wajibu wa kukaa pamoja unaondolewa, na korti inaweza kuamua nani akae wapi. Si wengi wanaoiomba. Nilimfanya anirudie. Nimeona majengo makubwa duniani, nimeona meza zilizopambwa kwa ajili ya watoto wa wafalme, lakini sikumbuki kushangaa kama nilivyoshangaa juu ya duka lile la mabomba. Kwamba kuna mtu, mahali fulani, zamani, aliyekaa akawaza hali yangu kabla mimi mwenyewe sijaifikia, akaiwekea jina. Nikaapa hati ya kiapo, nikatia sahihi yangu nzuri, na ombi likapelekwa Kajiado.

Miezi miwili ilipita hivi, nikipika mchana na kulala kwenye magunia. Ndipo Baba Mdogo Kilonzo alipokuja. Yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba yangu siku za mahari, mtu mpole, mzee wa kanisa, asiyevua kofia ila kwa maombi na chakula. Nilimpikia chapati na kamande, tukaketi jikoni kwa sababu sebule haikuwa yangu. Alikula taratibu, akasifu chapati, akaongezewa, na alipokuwa akipangusa sahani kwa kipande cha mwisho ndipo akasema kwamba ameshanimalizia kazi. Alikuwa amesikia niko kortini, akaulizauliza, akaambiwa na mtu anayejua mambo kwamba korti haimsikilizi mwanamke ambaye wazee wake hawajafanya lao. Basi akaenda mnadani Kajiado, akanunua mbuzi jike, akampeleka Isinya kwa mama yake Mutiso. Wakamba wote wanajua maana yake. Mwanamke akitaka kumwacha mume, watu wake hupeleka mbuzi wa kukataa. Akishapokewa, yamekwisha, kila mtu ashike njia yake.

"Nilimchagua mnene," akasema. "Wasiseme tumewadharau."

Sikumkemea. Alikuwa ametumia nguvu zake na mapenzi yake yote. Nilimwongezea chai. Ila nilipompigia wakili simu, aliniomba nirudie habari ya mbuzi tangu mwanzo. Halafu akaniuliza kama mbuzi amepokewa, nikasema sijui, akasema basi nijue haraka. Sisi tunaiomba korti itenganishe ndoa, akanieleza. Na wakili wa Mutiso atasimama aseme ndoa gani, mbona mwanamke mwenyewe ameshaimaliza kwa mila ile ile aliyoolewa nayo. Sheria ina neno lake juu ya hilo, na yeye angepigana, lakini hakimu ni binadamu. Anaweza kuona sina ninachoomba. Hati ya ploti ilikuwa na jina la Mutiso, maana ndiye aliyekuwa hapa wakati wa kununua. Ombi likianguka, yeye anabaki ndani ya nyumba na mimi nabaki kwenye stoo, na hata stoo ni kwa hisani.

Nilikwenda Isinya kesho yake. Mama yake Mutiso, ambaye mimi na wote tulimwita Mwaitu, yaani mama, alikuwa akiishi peke yake kwenye ploti yenye upepo, anafuga kuku wa mayai, na ulimi wake ulijulikana hadi sokoni. Hatukuwa marafiki. Yeye aliniona mwenye maringo, mimi nilimwona mtu asiyefurahishwa na chochote. Nilipokaribia niliona kitu nisichokielewa. Geti lilikuwa limefungwa, na nje yake, kwenye ukingo wa barabara ambao si wa mtu, kulikuwa na kibanda kidogo cha mabati chakavu na miti ya mgunga, beseni la maji, na mbuzi jike mnene amefungwa kwa kamba, anatafuna nyasi kavu. Mwaitu alitoka na ndoo. Ilikuwa ni kiangazi, maji yalikuwa ya kununua, naye akapita geti lake, akalifunga nyuma yake, akamimina, akangoja mbuzi anywe, akaokota ndoo, akafungua, akaingia. Hata kamba hakuiacha iguse nguzo ya geti. Ndipo akanitazama.

"Wewe unaweza kuingia," akasema. "Wewe si mbuzi."

Ndani alinipa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, chakula kisichokuwa kwenye diploma yangu, nikala kwenye kiti cha plastiki huku kuku wakilalamika ng'ambo ya ukuta. Aliniambia niinue sketi auone mguu. Nikainua. Aliutazama kwa muda, ile ngozi mpya ya waridi iliyokunjamana, kama mtu anayekagua kazi ya fundi. Hakusema pole. Aliniambia majirani wanamcheka, wengine wanamuuliza kama mbuzi ana ugonjwa. Kilonzo alimkuta akiwa kwa kuku, akafunga mnyama nje akaita, na yeye akatoka akamwambia amesikia, hakusema amepokea. Kisha akaniambia, kama anayetaja bei ya mayai, kwamba Mutiso amemwomba aende Kajiado akatoe ushahidi upande wake, aseme mbuzi alifika.

"Na utasema nini, Mwaitu?"

"Kula. Chakula kinapoa."

Nilirudi Kitengela bila jibu. Nimewahi kungoja viza, nimewahi kungoja matokeo ya mtihani katika lugha ya watu, lakini kungoja kule kulikuwa kwa aina nyingine. Majani yaliisha, mvua ikachelewa, na kila nilipopeleka chakula mashambani nilipita njia ya Isinya nikamwona mwanamke yule na ndoo yake. Siku moja nikakuta mbuzi wawili. Baba Mdogo alikuwa amenunua mbuzi mwenye mimba bila kujua, kumbe ule unene haukuwa wa majani. Mwaitu alikuwa anapiga magoti kwenye vumbi, akiziba nafasi chini ya geti kwa mawe.

Siku ya kusikilizwa, chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Nilidhani nitaona ukumbi. Ilikuwa ni meza, viti, karani na kompyuta yake, dirisha linaloangalia miti ya mgunga, na hakimu mwanamke mwenye miwani aliyeonekana kama mtu aliyelala kidogo. Askari wa mlangoni aliniamkia kwa Kimaasai, "Takwenya," nikajibu "Iko." Nilikuwa nimevaa suti yangu ya kijivu ya Doha. Nilitoa ushahidi wangu vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyofanya kila kitu. Mutiso alikuja hajanywa. Wakili wake, mwanamume mwenye sauti ya mhubiri, hakukana mambo ya sufuria. Alisema tu ni ajali, na tena hayana maana, kwa sababu ndoa ilikuwa imekwisha kwa hiari ya mwanamke. Akamwita Mwaitu. Alikuwa ameletwa na mwanawe, kwa gari la mwanawe, na njiani alikuwa amenunuliwa soda, ambayo aliingia nayo mkononi mpaka karani akamwomba aiweke chini.

Akaulizwa kama mbuzi aliletwa. Akasema aliletwa. Na nani? Na Kilonzo, akiwa na kofia. Na mbuzi huyo yuko wapi leo?

"Nje ya geti."

Wakili akatabasamu, akamuuliza anayemlisha ni nani. Ni mimi, akasema. Na maji? Ni mimi. Sasa mama, akasema wakili, mnyama unamlisha, unamnywesha, umemjengea, utasema hujampokea?

"Kijana, mbwa wa jirani akipita namtupia mfupa. Hiyo si kumwoa."

Karani aliinamisha uso kwenye kompyuta. Wakili akamuuliza kwa sauti ya juu kidogo kama, tangu siku hiyo, mbuzi amewahi kukanyaga ndani ya boma lake hata mara moja, na akumbuke ameapa.

"Yeye hapana. Mtoto wake aliingia, nikamtoa. Mtoto hajui mila."

Hapo hakimu alivua miwani. Akamuuliza mwenyewe, kwa upole, kwa nini basi hakumpokea, au kama hakumtaka, kwa nini hakumrudisha kwa Kilonzo. Mwaitu alinitazama mimi, akamtazama mwanawe, na nilijua kwamba chochote atakachosema nitakibeba maisha yangu yote.

"Mheshimiwa, huyu msichana simpendi sana. Anajisifu. Akija kwangu ananifundisha vile wali unapikwa Doha. Lakini mguu wake niliuona. Nikimpokea huyo mbuzi, nimesema mtoto wangu hana kosa, ni huyu amemkataa. Nikimrudisha, nimesema msichana arudi alale pale pale. Sikuwa na mahali pa kumweka. Nikamweka nje, nikawangojea nyinyi. Nimeambiwa korti iko na njia ingine. Sisi hatukuwa nayo. Kama mko nayo, mpeni."

Wakili aliketi. Mutiso alikuwa ameficha uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Mwaitu alimgeukia, akasema kwa Kikamba, polepole, kwamba yeye bado ni mtoto wake na ataenda naye nyumbani. Kisha akauliza kama anaweza kuchukua soda yake.

Nimesimama mbele ya watu wenye vyeo, nimemwandalia chai mtu ambaye walinzi wake walikuwa wengi kuliko wapishi wangu, lakini sijawahi kuona mtu akiwa mkubwa kama yule mwanamke mwenye viatu vya plastiki. Jambo ambalo lilihitaji sheria, mawakili na kompyuta, yeye alikuwa akilifanya kwa kamba na ndoo tangu siku ya kwanza. Alikuwa amemweka mbuzi mahali ambapo mimi nilikuwa nimeomba kuwekwa. Na hakuwa ananipenda. Hilo ndilo linalonishangaza zaidi kadiri ninavyozeeka. Mtu akikupenda atakufanyia mengi. Yeye alichota maji kiangazi kizima, akachekwa barabarani, akasimama kinyume na mwana aliyemzaa, kwa ajili ya mtu aliyemchosha.

Uamuzi ulisomwa wiki kadhaa baadaye. Ndoa ipo, kukaa pamoja kumekoma, Mutiso ahame nyumba ya Kitengela, amwone mtoto Jumapili, na tukipatana siku moja, twende tuiombe korti iondoe amri yake. Mutiso alihamia Isinya kwa mama yake. Baba Mdogo alikuja kumchukua mbuzi wake, akasimama nje ya geti na kofia mkononi, akapewa kamba. Mtoto wa mbuzi hakupewa. Mwaitu alisema aliyezaliwa barabarani ni wa barabara, akampa Mumbua. Nami nikafungua nyumba yangu. Nilifagia, nikafua lile pazia, nikabadilisha kitasa, na nikaketi sebuleni mchana mzima bila kufanya kitu, jambo ambalo sijalifanya tena tangu siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata geti langu liligongwa. Alikuwa Mwaitu, na kikapu na begi la nguo, na sura ya mtu aliyekuja kukaa. Aliingia bila kungoja kukaribishwa, akatazama kuta, akatazama diploma, akachagua kiti kizuri. Nilikuwa bado na karatasi ya korti juu ya meza. Nikaanza kumwambia, kwa heshima, kwamba labda hajaelewa vizuri, kwamba kwa mujibu wa amri ile upande wa Mutiso na upande wangu...

"Nilikuwepo ikisomwa," akasema. "Wamesema Mutiso. Mimi hawakunitaja."

Akavua viatu, akauliza kama katika nyumba hii kubwa kuna chakula. Kulikuwa na wali, ule wa Doha, wenye iliki na vitunguu vya kukaanga. Nikampakulia. Alikula, akamaliza, akaweka sahani chini. Nikaichukua, nikamwongezea, na sikumuuliza wali ukoje.